Mbalamwezi ya Minago

Mgeni akifika Minago wakati wa mbalamwezi anaweza kudhani wavuvi wamegoma. Mitumbwi imepandishwa mchangani, miwili miwili kama ilivyofungwa pamoja kwa miti. Nyavu zimeanikwa. Wanaume wamekaa chini ya michikichi. Huyu anaziba tundu za wavu, yule anafungua betri ya taa na kuifunga tena, wengine wanabishana juu ya mpira wa Ulaya. Ziwa Tanganyika liko palepale, limetulia, na samaki wamo. Kilichozidi ni mwanga.

Ndagala, ambao kule Kigoma huitwa dagaa, huvuliwa kwa kudanganywa. Usiku wa giza mvuvi huwasha taa juu ya maji. Vidudu vya majini huufuata mwanga, ndagala huvifuata vidudu, mukeke huwafuata ndagala, na wavu unawafuata wote kutoka chini. Zamani ulikuwa moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi, ikaja karabai, sasa ni balbu za betri. Lakini haijatengenezwa balbu ya kushindana na mwezi mpevu. Ukishatoka nyuma ya milima ya Burundi na kuangaza mpaka milima ya Fizi upande wa Kongo, ziwa zima linakuwa taa moja, na samaki hana sababu ya kuja kwenye ya kwako. Kwa hiyo wiki moja hivi katika kila mwezi watu hulala nyumbani. Wavuvi wa maziwa yetu huhesabu kazi kwa giza: giza hili limelipa, giza lililopita limekufa.

Nimeanza na samaki ingawa makala hii inahusu dini, yaani namna Uyahudi, Ukristo na Uislamu vinavyohusiana. Mijadala ya jambo hili ina desturi ya kuanza na Ibrahimu na kuishia kwa viongozi kushikana mikono mbele ya kamera. Nimehudhuria kadhaa, na chakula huwa kizuri. Lakini undugu wa kweli unajulikana kwenye ugomvi, na dini hizi tatu zimegombania vitu vichache kwa muda mrefu kama zilivyogombania hiki kinachowalaza wavuvi wa Minago nyumbani.

Chukua kalenda ya mwaka 2022, fungua Aprili, weka kidole kwenye Ijumaa ya tarehe 15. Kwa Wakristo hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Kwa Waislamu ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Ramadhani, tarehe 13 au 14, kutegemea nani aliuona mwezi lini. Kwa Wayahudi ilikuwa tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, na jua lilipozama ukaingia usiku wa Pasaka yao, familia zikakaa mezani kusimulia utumwa wa Misri. Mwezi ulikamilika kesho yake, Jumamosi. Kwa mvuvi, huo ulikuwa usiku wa kulala.

Sehemu ya Ramadhani ilikuwa bahati ya mwaka ule. Hizo mbili nyingine hazikuwa bahati hata kidogo.

Torati inaiweka Pasaka katikati ya mwezi wa kwanza wa majira ya machipuo, na zamani mwezi wa Kiyahudi ulianza mwandamo ulipoonekana. Kwa hiyo Pasaka ni sikukuu ya mwezi mpevu tangu asili yake. Yesu alisulubiwa katika siku hizo. Injili zote nne zinakubaliana hapo, hata kama hazikubaliani iwapo karamu ya mwisho ilikuwa ndiyo mlo wa Pasaka au iliutangulia. Wakristo wa mwanzo, hasa wa Asia Ndogo, hawakuona shida. Waliadhimisha tarehe 14 ya Nisani, siku ileile ya Wayahudi, iwe Jumanne, iwe Alhamisi. Wa Roma walitaka Jumapili. Katikati ya karne ya 2 askofu mzee Polikarpo alisafiri kutoka Smirna mpaka Roma kulizungumza na Papa Aniseto. Hawakuafikiana, wakasali pamoja, wakaagana kwa amani. Huo ndio mkutano wa dini ninaoupenda kuliko yote niliyosoma, kwa sababu haukutoa tamko.

Tamko likaja mwaka 325, mjini Nisea. Mtaguso uliamua kwamba Pasaka ya Kikristo iwe Jumapili na makanisa yote yaiadhimishe siku moja, bila kungoja Wayahudi watangaze ya kwao. Ukiisoma barua ya Kaisari Konstantino iliyofuata, utaona kwamba suala halikuwa hesabu ya nyota peke yake. Maneno yake juu ya Wayahudi ni ya mtu anayemkana mzazi sokoni. Hata hivyo mwezi wao hakuuacha. Kanuni iliyokuja kushika ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Na mahesabu ambayo kanisa lilitumia kuutabiri mwezi huo yamejengwa juu ya mzunguko wa miaka 19, uleule ambao Wayahudi huutumia kuongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba ili Pasaka yao isikimbie majira yake. Walihama nyumba, wakaondoka na saa ya ukutani.

Uislamu nao ulifika kwenye meza hii na ukachukua njia ya tatu. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakiusogeza au kuuongeza mwezi ili miaka iende sawa na majira. Kurani, katika sura ya At-Tawba, iliikataza desturi hiyo, na Mtume akalitilia mkazo katazo hilo katika Hija ya kuaga, mwaka 632. Tangu hapo mwaka wa Kiislamu ni miandamo kumi na miwili, siku 354 au 355, basi. Kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na baada ya miaka 33 hivi imezunguka majira yote. Myahudi aliurekebisha mwezi ili ulifuate jua. Mkristo aliuchukua mwezi kwa sikukuu moja na yale yaitegemeayo, mengine akayaachia jua. Mwislamu aliuacha mwezi uende zake.

Lakini hata hapo kumbukumbu ya jirani imebaki. Mapokeo yanasimulia kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta Wayahudi wa mji ule wamefunga kwa kumkumbuka Musa na kuokolewa kwake, naye akasema Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akafunga na kuamuru kufunga. Ndiyo Ashura, kumi ya Muharram. Baadaye Ramadhani ikawa faradhi na Ashura ikabaki sunna. Na aya inayoifaradhisha Ramadhani yenyewe inawakumbusha waumini kwamba waliowatangulia nao waliandikiwa kufunga. Mdogo anasema hivi: mimi si ninyi, ila jambo hili tulilitoa nyumbani kwetu sote.

Sasa rudi Minago, maana hapa kuna jambo ambalo sijamsikia mwanatheolojia yeyote akiligusa.

Kwa hesabu ya kanisa, Ijumaa Kuu haiwezi kuangukia mapema zaidi ya siku moja kabla ya mwezi mpevu wala kuchelewa zaidi ya siku tano baada yake. Maana yake ni kwamba siku hiyo takatifu ya Wakristo mara nyingi huja mitumbwi ikiwa mchangani. Mvuvi Mkatoliki wa pwani hii hapotezi samaki wengi kwa ajili ya Msalaba. Mwezi umekwisha kumpa likizo. Idi ni kinyume chake. Idi el-Fitri huja mwandamo ukiwa uzi mwembamba juu ya Kongo, dakika chache baada ya magharibi, kisha ni giza totoro mpaka alfajiri. Huo ndio usiku ambao ndagala wanakuja. Mvuvi Mwislamu anayelala nyumbani usiku wa Idi na kesho yake anatoa sadaka ambayo haiandikwi popote. Ajabu ni kwamba zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi, ambazo ni sunna kufunga, zinaangukia mbalamwezi, wakati hakuna kazi nzito ya kuvuta wavu. Dini moja, mwezi mmoja, huku inakutoza, kule inakulegezea.

Serikali ya Burundi, kwa upande wake, iliifanya Idi el-Fitri kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2005. Waislamu ni wachache katika nchi hii ya Wakatoliki na Wapentekoste, lakini hapa ukingoni mwa ziwa, Rumonge, Nyanza-Lac na mitaa kama Buyenzi kule Bujumbura, uchache huo hauonekani.

Lugha tunayoandikia makala hii inajua habari hii kuliko sisi wasemaji wake. Kiswahili cha zamani hakiuiti mwezi wa Shawali kwa Kiarabu. Kinauita Mfunguo Mosi. Unaofuata ni Mfunguo Pili, na kuendelea mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Mwaka mzima umehesabiwa kutoka pale kinywa kilipofunguliwa. Na juma letu? Jumamosi ni siku ya kwanza, kwa sababu inafuata Ijumaa. Hesabu inaenda vizuri mpaka Jumatano, ya tano, kisha inagonga ukuta: Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano vilevile. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana na hatujawahi kuona haya. Waarabu waliipata Alhamisi kwa kuhesabu kutoka Jumapili, kama Wayahudi, ambao nao Alhamisi yao ni siku ya tano kwa jina na kwa sauti ya karibu. Mtu wa Minago akigeukia Kirundi mambo yanazidi: hapo juma linaanza Jumatatu, na siku ya tano, ku wa gatanu, ni Ijumaa. Kwa hiyo mvuvi mmoja, kinywa kimoja, ana "tano" tatu katika juma moja, na kila moja ina dini nyuma yake. Hakosei siku ya gulio hata hivyo.

Hata saa. Kiswahili huanza kuhesabu kutoka kuchwa na kucha kwa jua, kama walivyofanya watu wa Biblia. Mzungu akisoma kwamba giza liliingia saa sita likaisha saa tisa siku ya kusulubiwa, lazima apige hesabu au asome maelezo chini ya ukurasa. Bibi kizee wa Rumonge anatazama juu, anajua ni mchana kati. Na neno kanisa lenyewe tulilipata kwa Waarabu, ambao walilipata kwa Kiaramu, ambako liliwahi kuwa jina la mahali Wayahudi wanapokusanyika. Bunge la Israeli, Knesset, ni binamu wa neno hilo. Mkristo wa Kiswahili akisema anakwenda kanisani, anapita kwa Mwarabu na kwa Myahudi kabla hajafika mlangoni.

Wayahudi wenyewe, hapa, hawapo. Hilo nalikiri mapema, kwa sababu makala nyingi za namna hii huwa na Wayahudi wa kufikirika tu. Miongoni mwa walio karibu ni wa Nairobi, ambao sinagogi lao liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1912, na Abayudaya wa karibu na Mbale, mashariki ya Uganda. Hawa wa Mbale historia yao inastahili aya yake. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mprotestanti, aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, kisha akahisi hawakumlipa alichostahili. Akajiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali, akazama katika Agano la Kale. Mwaka 1919 akajitahiri na kuwatahiri wanawe. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni jambo la Wayahudi, alijibu kwa ufupi kuwa basi yeye ni Myahudi. Hakuwa amepelekewa rabi wala mmisionari wa Kiyahudi; Uyahudi wake aliutoa ndani ya Biblia aliyopewa na Wakristo. Jamii yake ilistahimili utawala wa Idi Amin, aliyeipiga marufuku, na ipo mpaka leo.

Minago haina Abayudaya, lakini sheria ya Musa ipo, na utaikuta kwenye sinia la samaki. Simama penye gulio la jioni uangalie nani ananunua nini. Mukeke hana ubishi, ndagala hana ubishi. Akiletwa kambare, samaki wa sharubu asiye na magamba, wateja wanagawanyika. Mkatoliki anauliza bei. Mwislamu naye, kwa madhehebu yaliyoenea Afrika Mashariki, anauliza bei, kwa kuwa samaki wa majini ni halali. Msabato anapita. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inataka samaki awe na mapezi na magamba, na Waadventista wameishika sheria hiyo kama walivyoishika Sabato yenyewe: jua la Ijumaa likizama nyuma ya milima ya Kongo, kazi imekwisha mpaka Jumamosi jua lizame tena. Kwa hiyo katika kijiji kisicho na Myahudi hata mmoja, kambare anatambulisha nani anafuata chakula cha nani. Mwislamu na Myahudi wamekutana kwenye kumkataa nguruwe; kwa kambare wameachana; na Mkristo mmoja kasimama upande wa Myahudi huku Mkristo mwenziwe kasimama upande wa Mwislamu. Ukichora mchoro wa hayo utaishiwa karatasi.

Sitaki msomaji adhani pwani hii imekuwa mahali pa utulivu. Waarabu na Waswahili walikwisha kuweka kituo Ujiji kufikia miaka ya 1840, wakipanda na kushuka ziwa hili kwa pembe na watumwa. Julai 1879 Mapadri Weupe walishuka Rumonge, kusini kidogo ya Minago, wakajenga misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi ambayo leo ni Burundi. Fikiria watu wa ufukweni walichokiona. Shirika hilo lilianzishwa Algeria na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868, na mavazi yake yalishonwa kwa kuwaiga Waarabu wa kule: kanzu nyeupe, joho la kofia, na rozari shingoni kama tasbihi. Walikuja kushindana na Uislamu wakiwa wamevaa kama Waislamu. Kwa Mrundi wa ukingoni, aliyezoea kuwaona wafanyabiashara wa Ujiji, huenda tofauti ya kwanza ilikuwa rangi ya ngozi tu.

Misheni haikudumu miaka miwili. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop, Mbelgiji aliyewahi kuwa askari, waliuawa na watu wa ukoo wa Bikari. Waarabu hawakuhusika, na ugomvi haukuwa wa Utatu Mtakatifu. Ulianzia kwa mtoto aliyekuwa misheni, ambaye ndugu zake walitaka arudi nyumbani. Baada ya hapo Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, akawa ndiye mwenye nguvu ziwani kutoka Ujiji, na wapiganaji wa mwami Mwezi Gisabo ndio waliomzuia asipande milimani. Mapadri walirudi Burundi kwa mguu wa kudumu mwaka 1898, kwa njia ya Muyaga, mbali na ziwa. Walikiogopa Kiswahili kama lugha ya Uislamu, wakasomesha kwa Kirundi. Matokeo yake yako hai: mpaka leo mtu wa mlimani akisema "Mswahili" mara nyingi hamaanishi lugha, anamaanisha Mwislamu, na mara nyingine anamaanisha mjanja.

Halafu ikaja damu ambayo vitabu vya dini haviwezi kuieleza. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalilipuka Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wakauawa. Jeshi na serikali wakalipiza kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima kwa miezi. Maelfu walivuka kwenda Tanzania. Mwaka 1993 ikaanza tena, kwa zaidi ya muongo. Waliouana, kwa wingi wao, walikuwa wamebatizwa kwa maji yaleyale na waliimba kwa lugha ileile. Anayetaka kuniambia kwamba tatizo la dunia ni dini tatu kutofautiana, nampeleka kwanza hapa, mahali ambapo watu wa dini moja walimalizana bila kuihitaji ya pili. Na vita hivyo viliacha alama Minago yenyewe: tarehe 29 Desemba 2003 gari la Askofu Mkuu Michael Courtney, Mwairishi, balozi wa Papa nchini Burundi, lilishambuliwa kwa risasi katika barabara hii ya ziwani akirudi Bujumbura. Alifariki siku hiyohiyo. Kundi la FNL lilituhumiwa, likakana.

Kuna jambo nililipima mwenyewe nikiwa nimesimama ufukweni, kisha nikalihakikisha kwa hesabu ya tufe. Kutoka Minago, Jerusalem iko karibu kaskazini kabisa, imeelekea mashariki kwa nyuzi 8 au 9. Mekka iko nyuzi 22 hivi. Tofauti ni nyuzi 13. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ongeza vidole viwili: huo ndio umbali kati ya kibla na kibla, kwa macho ya mvuvi. Waislamu wa kwanza waliswali kuelekea Jerusalem, na huko Madina waliendelea hivyo kwa miezi 16 au 17 kabla ya amri ya kugeukia Kaaba. Madina iko katikati ya miji hiyo, Jerusalem kaskazini, Mekka kusini. Kwa hiyo waliokuwa katika swala siku ile iliwabidi wageuke mzima mzima, kisogo kikawa uso. Ulikuwa mpasuko unaoonekana kwa mwili. Laiti Mtume angehamia Minago, wangesogeza bega tu.

Lakini ukikaribia kitu, nyuzi hupanuka. Ijumaa ileile ya 15 Aprili 2022, mwezi ukiwa karibu kujaa juu ya Minago na juu ya Jerusalem, polisi wa Israeli na Wapalestina walipambana tangu alfajiri katika uwanja wa Msikiti wa Al-Aqsa, na watu zaidi ya 150 wakajeruhiwa. Mtaa mdogo wa mji mmoja, siku moja, sikukuu tatu. Kutoka hapa vitu hivyo vinafunikwa na ngumi. Pale vinagombaniwa kwa hatua.

Mwaka uliofuata zilikutana tena, Ramadhani, Pasaka na Pasaka. Mwaka 2024 mambo yalichukua sura nyingine ambayo ni Kiswahili peke yake kinachoweza kuicheka: kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti nchi nne zenye ziwa hili zilisimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Ziwa likafungwa. Waliokuwa wamemaliza Kwaresima Machi na Ramadhani Aprili wakaingia kwenye mfungo wa tatu, mrefu kuliko yote, usio na futari. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwandamo wa Ramadhani viliangukia wiki moja ya Februari. Kirundi hakikuona ajabu yoyote, kwa kuwa kina neno moja kwa vyote viwili, igisibo, na ukitaka kujua cha nani lazima uulize.

Kwa wenye kupenda hesabu: Ramadhani sasa inaelekea Januari, kisha itapita Desemba na kuzunguka mwaka kinyumenyume, na sikukuu tatu zitakutana tena katikati ya miaka ya 2050. Mwaka 2055, Pasaka ya Wakristo ikiwa 18 Aprili, zote zitakuwa chini ya mwezi mmoja. Wavulana wanaojifunza kupiga kasia leo watakuwa na mvi.

Wao hawana haja ya hesabu zangu. Baada ya mwezi mpevu, kila usiku mwezi huchelewa kuchomoza kwa saa moja kasoro dakika kumi hivi. Usiku wa nne giza la jioni limefika saa tatu na zaidi, na hiyo inatosha kwa mvutano mmoja wa wavu. Betri zinatolewa majumbani zikiwa zimejaa. Anayeswali isha anaiswali mapema, mwenye rozari anaiweka mfukoni, Msabato anaangalia kwanza leo ni siku gani. Mitumbwi inasukumwa miwili miwili, taa zinawaka moja moja kuelekea Kongo, na nyuma ya milima, upande wa mashariki, bado hakujaonekana kitu.